Usalama wa Waendao kwa Miguu na Baiskeli kwenye Barabara za Viungani mwa Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wakazi, kamati za mitaa, walimu na wenye ploti kando ya barabara za lami za viungani: zile zenye leni moja ya kwenda na moja ya kurudi, zinazouunganisha mtaa na barabara kuu. Humo matatu, lori la mchanga, bodaboda, mlinzi anayetoka zamu kwa baiskeli na mtoto wa gredi ya pili wote wanagombania upana uleule wa mita sita. Tumeanza na mambo ya msingi. Mahali jibu limeshatolewa kwingine, tumetaja nambari ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Barabara yetu ni ya mtaani tu. Hatari inatoka wapi?

Mara nyingi hatari huingia siku lami inapowekwa. Barabara ilipokuwa vumbi na mashimo, hakuna aliyeweza kukimbia. Mkandarasi akimwaga lami bila kujenga njia ya miguu, ndani ya wiki moja kasi huwa mara mbili au tatu ya ile ya zamani, na watu wanaendelea kutembea palepale walipozoea, ila sasa pale ni ukingo wa lami. Nyumba hazikuhama, shule haikuhama, steji haikuhama. Kilichobadilika ni mwendo wa magari.

Ndiyo maana barabara mpya isihesabiwe imekamilika kabla ya njia ya miguu, vivuko na vidhibiti kasi kuwepo. Vikiahidiwa kuwa "awamu ya pili", huwa havifiki.

2. Nitajuaje kama barabara ni ya KURA, KeNHA au kaunti?

Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa barabara za mijini na KeRRA kwa za mashambani. Kisha Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Jijini Nairobi utakuta barabara ya KURA imepakana na vichochoro vya kaunti, na taa zilizo juu yake zikisimamiwa na ofisi nyingine.

Tafuta ubao wa mradi, au uliza kwa mwakilishi wadi. Usipopata jibu la uhakika, andika barua moja kwa ofisi unayodhani ndiyo mwenyewe, na nakala kwa ile nyingine, nakala hiyo ionekane chini ya barua. Barua nyingi hulala kwa sababu kila ofisi inasema barabara si yake. Zote mbili zikiona kwamba mwenzake ameipata, ni vigumu kwa yoyote kunyamaza.

3. Lakini si watu wenyewe ndio wazembe? Wanavuka popote.

Watu huvuka panapowafikisha wanakokwenda. Simama nusu saa mkabala na lango la soko au kituo cha afya utaona wote wakivukia ndani ya mita ishirini au thelathini zilezile, mchana hata jioni. Huo si uzembe, ni ramani. Wamekuonyesha kivuko kinatakiwa kuwa wapi.

Tafiti za usafiri za jiji hili zimeonyesha tena na tena kwamba zaidi ya asilimia 40 ya safari za Nairobi hufanywa kwa miguu. Takwimu za NTSA, mamlaka ya kitaifa ya uchukuzi na usalama barabarani, nazo huonyesha kila mwaka kwamba waendao kwa miguu ndio wengi zaidi kati ya wanaokufa barabarani nchini. Mtu akikosea hatua moja hastahili kufa. Barabara nzuri ni ile inayokubali kwamba mtoto atakimbilia mpira na mlevi atayumba, na bado wote wafike nyumbani.

## Kasi

4. Tofauti kati ya kilomita 30 na 50 kwa saa ni kubwa kiasi hicho?

Ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua dereva anayehitaji sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki, gari lina breki nzuri na lami ni kavu. Akienda 30, atasimama kwa takriban mita 18. Akienda 50, mita 35. Akienda 80, karibu mita 70.

Sasa weka mtoto mita 20 mbele. Gari la 30 limesimama kabla ya kumfikia. Gari la 50 limeshakula mita 21 kabla mguu haujagusa breki, yaani linamgonga likiwa bado na kasi yote ya 50. Dereva ni yuleyule, mtoto ni yuleyule, breki ni zilezile.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kikomo cha 50 ndani ya mji. Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani linataka 30 mahali magari yanapochanganyika na waendao kwa miguu na baiskeli. Barabara yenye shule, soko na steji inastahili 30, na kibao peke yake hakileti 30. Tazama swali la 7.

5. Tunaweza kupima kasi bila mashine ya polisi?

Ndiyo. Pima mita 50 kwa futi kamba kando ya barabara, weka alama mbili ndogo za chaki, na utumie saa ya simu. Gawanya 180 kwa sekunde ambazo gari limechukua kupita alama zote mbili, utapata kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni 30. Sekunde 3.6 ni 50. Sekunde 3 ni 60.

Pima magari 100, wakati hakuna msongamano, kwa mfano saa nne asubuhi na saa tatu usiku. Yapange kutoka la polepole hadi la kasi zaidi, kisha utazame la 85. Hiyo ndiyo namba wahandisi watakayoiuliza: kasi ambayo magari 85 kati ya 100 hayaipiti.

Makosa mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni kupima tu yale yanayokimbia. Chukua kila gari linalokuja mbele bila foleni. La pili ni kusimama na koti linaloakisi mwanga: madereva watadhani wewe ni trafiki, watapunguza mwendo, na kazi yako yote imeharibika. Simama nyuma ya ua au kibanda. Afadhali zaidi rekodi video kwa simu na uhesabu nyumbani.

6. Tumechoka kusubiri. Tunaweza kumwaga bampu yetu wenyewe?

Hapana. Kuweka kitu chochote juu ya barabara bila idhini ya mwenye barabara ni kosa, na mtu akianguka hapo usiku, waliochanga saruji ndio watakaotafutwa. Tunaelewa uchungu unaowafikisha watu hapo, hasa baada ya mazishi. Ila bampu za mtaani karibu zote zina kasoro zilezile: ni fupi na kali kama ukuta, hazina rangi wala kibao, zinazuia maji yasifike mtaroni, na zinaacha nafasi pembeni ambapo bodaboda na matatu hupita kwa kupanda palepale watu wanapotembea. Anayeanguka kwanza ni mwendesha baiskeli.

Kuna njia ya katikati. Omba jaribio la muda: nguzo fupi za plastiki na rangi, kwa kibali cha mwezi mmoja au miwili, mkipima kasi kabla na baada. Mhandisi huona rahisi kukubali kitu kinachoweza kuondolewa.

7. Tuta linalofaa lina vipimo gani?

Tuta la mviringo linalojulikana duniani kote lina urefu wa mita 3.7 kwa mwelekeo wa gari na kimo cha sentimita 10 katikati. Gari la 30 hulipita bila taabu, la 50 hurushwa. Penye kuvuka watu tunapendelea tuta bapa, yaani kivuko kilichoinuliwa: kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, uso bapa wa mita 3 hadi 6, na miteremko miwili isiyo mikali. Kwa kimo cha sentimita 10 na mteremko wa 1 kwa 15, kila upande utahitaji mita 1.5. Matatu ndefu na lori zikipita kwa wingi, chagua mteremko huo wa pole na uso wa mita 6.

Tuta moja peke yake halitoshi. Dereva hupunguza, hulipita, kisha hukanyaga mafuta kwa hasira. Ili kasi ibaki karibu na 30, yanatakiwa kufuatana kila mita 60 hadi 100 katika sehemu yenye watu.

Kagua pia mambo haya fundi akiwa bado yupo: maji yapite pembeni kwa bomba au mwanya mdogo, nguzo fupi zizuie magari kulizunguka, rangi iwe ile inayong'aa kwenye taa, kibao kiwe kabla ya tuta, si kando yake. Tuta lisiloonekana usiku ni mtego.

Vile vituta vidogo vya kutetemesha gurudumu ni onyo tu. Havipunguzi kasi kwa muda mrefu, kwani madereva hugundua kwamba ukikimbia zaidi unatetemeka kidogo. Vikiwekwa, viachiwe mwanya wa angalau sentimita 75 pembeni kwa ajili ya baiskeli, na visiwe karibu na nyumba za kulala.

## Njia ya miguu

8. Njia ya miguu iwe na upana gani?

Mita 1.8 ndicho kiwango cha chini, kwa sababu viti viwili vya magurudumu hupishana hapo. Mita 2 ni bora. Karibu na steji, soko na lango la shule, 2.5 au zaidi. Na hesabu ni ya sehemu inayopitika: njia ya mita 2 yenye nguzo ya stima katikati ni njia ya sentimita 80.

Wengi husema nafasi haipo. Chukua ardhi ya barabara yenye upana wa mita 18. Lami ya mita 6.5 inatosha leni mbili. Kila upande baki na kinga ya sentimita 75, njia ya baiskeli mita 1.5, njia ya miguu mita 2 na mtaro mita 1.5. Jumla ni 18 kamili. Nafasi hukosekana pale lami inapopanuliwa hadi mita 9 "ili magari yapite vizuri", au pale kuta za ploti zinaposogea mbele. Ukitaka kujua la pili, omba ramani ya upimaji ya sehemu hiyo na upime kutoka ukuta hadi ukuta.

9. Kabro iliwekwa mwaka jana, sasa imezama na kupasuka. Kwa nini?

Kuna sababu mbili, na mara nyingi zote zipo pamoja.

Ya kwanza ni udongo. Embakasi, Mlolongo, Syokimau na sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya jiji ziko juu ya udongo mweusi wa pamba. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Kabro ikilazwa juu yake moja kwa moja, baada ya mvua ya Machi hadi Mei itakuwa mawimbi. Udongo huo unatakiwa kuchimbwa na kutolewa, kisha maramu ijazwe kwa tabaka na kushindiliwa kila tabaka. Upande wa magharibi na kaskazini, kama Dagoretti na Kiambu, udongo mwekundu ni rafiki zaidi, ingawa nao huchukuliwa na maji kama ukingo haukushikwa.

Ya pili ni uzito. Kabro ya milimita 60 juu ya mchanga wa sentimita 3 hadi 5 ni ya binadamu. Gari likipanda kuegesha, inavunjika. Ama weka nguzo za kuzuia magari, ama palipo na lango tumia ya milimita 80 juu ya msingi wa kokoto.

Ishara ya mapema: mawe ya ukingo yameanza kuinamia nje. Yakiachia, mchanga hutoka, na kabro hufuata. Kurekebisha mita mbili za ukingo leo ni kazi ya asubuhi moja.

10. Njia inapanda na kushuka kila lango la ploti. Hilo ni tatizo?

Ni tatizo kubwa kwa mama mwenye gari la mtoto, mzee mwenye mkongojo na yeyote wa kiti cha magurudumu. Njia ibaki bapa ikipita mbele ya lango, na gari ndilo lipande kuivuka. Hiyo humwambia dereva, bila kibao, kwamba anaingia mahali pa watu.

Mahali ambapo lazima ishuke, kwenye makutano, mteremko uwe wa 1 kwa 12: ukingo wa sentimita 15 unahitaji mteremko wa mita 1.8. Mafundi hupenda kuufupisha hadi nusu mita. Kataa. Na kona ya makutano isiwe pana mno. Kona pana huruhusu gari kugeuka bila kupunguza mwendo, wakati mtu yuko katikati ya kuvuka.

11. Mtaro wazi tufanyeje?

Ufunikwe kwa slabu za zege zenye nondo, zinazoweza kuinuliwa na watu wawili ili mtaro usafishwe. Vifuniko vya chuma visitumike, vitakwenda kwa wauza vyuma chakavu kabla ya mwezi kwisha. Penye chujio za maji kwenye lami, nafasi za vyuma zielekee kukingama na barabara. Zikielekea sambamba nayo, gurudumu jembamba la baiskeli huzama na mtu huruka juu ya usukani.

Mtaro uliofunikwa vizuri huweza kuwa njia ya miguu yenyewe, na ndiyo suluhisho la haraka zaidi mahali nafasi ni finyu.

12. Wachuuzi wamejaza njia. Waondolewe?

Kuwafukuza hudumu siku tatu. Wapo hapo kwa sababu wateja wanapita hapo, na macho yao ni ulinzi kwa anayerudi nyumbani usiku. Kubalianeni juu ya mstari: mita 2 safi upande wa barabara zibaki wazi, vibanda vikae upande wa ndani. Mstari uchorwe kwa rangi na viongozi wao wenyewe wausimamie. Panapokosekana nafasi ya vyote viwili, kaunti itafute eneo lililo karibu na steji hiyohiyo, kwani eneo la mbali litabaki tupu.

## Kuvuka barabara

13. Zebra imechorwa, mbona magari hayasimami?

Kwa sababu rangi juu ya lami haina nguvu dhidi ya gari la kilomita 60. Dereva wa mwendo huo hawezi kusimama hata akitaka. Zebra ifanye kazi, mwendo ushushwe kwanza, na njia bora ni kuiinua iwe tuta bapa la swali la 7.

Angalia pia rangi yenyewe. Rangi ya kawaida hufifia ndani ya miezi michache kwenye barabara yenye vumbi. Inayodumu ni ile ya plastiki inayoyeyushwa kwa moto, karibu nyuzi 200, ikalazwa nene kama milimita 3 na kunyunyiziwa shanga ndogo za kioo ikiwa bado moto. Lami lazima iwe kavu na imefagiwa. Ikilazwa juu ya vumbi au asubuhi penye unyevu, itabanduka vipande vipande.

Mwisho, kuonekana. Hakuna gari wala kibanda kiruhusiwe ndani ya mita 10 hadi 15 kabla ya kivuko. Mtoto wa miaka saba ni mfupi kuliko paa la gari nyingi. Nyuma ya probox iliyoegeshwa haonekani kabisa.

14. Kisiwa cha katikati kinasaidia nini?

Kinaruhusu mtu kuvuka leni moja, apumue, kisha aangalie upande mmoja tu. Kiwe na upana wa mita 2, ili baiskeli au gari la mtoto lisitokeze kwenye lami. Chini ya mita 1.5 ni mapambo.

Kwenye barabara yenye leni mbili kila upande, kisiwa hakitoshi. Gari la kwanza husimama kwa heshima, la pili hulipita pembeni bila kujua kwa nini limesimama. Watu wengi hugongwa hivyo, wakiwa wameshaonyeshwa mkono wapite. Hapo inahitajika taa ya kuvukia, au leni ipunguzwe kabla ya kivuko.

15. Kwa nini tusiombe daraja la miguu?

Kwa barabara kama ya Thika, daraja ni lazima. Hakuna anayeweza kuvuka leni zote hizo chini. Kwa barabara ya mtaani ni jibu lisilofaa. Daraja linatakiwa kupita juu ya lori, mita tano na nusu au zaidi. Ni ngazi kama arobaini kupanda na arobaini kushuka, kwa barabara ya hatua kumi. Mama aliyebeba gunia la sukuma hatapanda. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi, isipokuwa kuwe na njia ya mteremko, nayo huwa ndefu sana. Usiku huogopwa.

Watu wakivuka chini, huambiwa ni wakaidi. Fedha za daraja moja zingejenga vivuko vingi vilivyoinuliwa.

16. Steji iwekwe kabla ya kivuko au baada?

Baada. Abiria akishuka huvukia nyuma ya matatu, ambako anaonana na magari yanayokuja. Steji ikiwa kabla ya kivuko, matatu iliyosimama huwa pazia, na mtu hutokeza mbele yake ghafla. Matatu iingie kwenye nafasi yake nje ya leni, na njia ya baiskeli ipite nyuma ya steji.

## Baiskeli

17. Tutenge njia ya baiskeli au zitumie lami?

Inategemea kasi. Magari yakienda 30 au chini, na si mengi, baiskeli na gari hushiriki lami bila shida. Yakizidi hapo, tenga. Upana wa chini ni mita 1.5 kwa upande mmoja wa safari. Mita 2 huruhusu baiskeli yenye mikebe ya maziwa au kreti za mkate kupitwa na nyingine.

Mstari wa rangi pekee hugeuka maegesho siku ya pili. Kinachotenganisha ni ukingo wa mawe, nguzo au tofauti ya kimo. Na kitu kimoja kidogo kinachoangusha wengi: ukingo wa lami uliokatika na kuacha ngazi ya sentimita 10 kwenda kwenye vumbi. Mwendesha baiskeli anayepigiwa honi hushuka, kisha akijaribu kurudi gurudumu la mbele hukwama. Bega la barabara lijazwe maramu liwe sawa na lami, na lijazwe tena kila baada ya msimu wa mvua.

18. Bodaboda wanapita kwenye njia ya miguu. Nguzo zitawazuia?

Hazitawazuia. Nguzo zikiachana mita 1.2 hadi 1.5 huzuia magari. Ukizibana hadi pikipiki ishindwe, umefunga pia kiti cha magurudumu, kinachohitaji sentimita 90. Sheria ya Trafiki inakataza kuendesha chombo cha moto kwenye njia ya miguu, lakini askari hawezi kusimama hapo siku nzima.

Kinachosaidia ni kuuliza kwa nini wanapanda. Mara nyingi ni foleni ya matatu iliyoziba leni, au shimo, au wanakwepa kuzunguka mbali ili kugeuka. Ondoa sababu hiyo, kisha zungumza na wenyekiti wa steji yao kabla ya kwenda polisi. Wenyewe wana watoto wanaotembea hapo.

19. Usiku je?

Jua huzama Nairobi karibu saa kumi na mbili na nusu, wakati ule ule barabara zimejaa watu wanaorudi. Taa ziangaze kivuko na njia ya miguu, si katikati ya lami peke yake. Mti uliokua mbele ya taa huleta giza sawa na taa iliyoungua, na kupogoa ni rahisi kuliko kununua taa.

Baiskeli iwe na taa nyeupe mbele na kiakisi chekundu nyuma. Kwa anayetembea, ukanda unaoakisi mwanga kwenye kifundo cha mguu huonekana haraka kuliko koti jeupe, kwa sababu unacheza.

## Kudai hatua zichukuliwe

20. Barua iwe na nini ili isipuuzwe?

Ukurasa mmoja, ombi moja. "Tunaomba usalama" haijibiki. "Tunaomba kivuko kilichoinuliwa mbele ya lango la shule, pini ya ramani imeambatishwa" inajibika.

Ambatisha vitu vitatu: kasi mliyopima (swali la 5), hesabu ya watu wanaovuka, kwa vipande vya dakika 15, asubuhi saa kumi na mbili na nusu hadi mbili na nusu na jioni saa kumi na nusu hadi moja, watoto wakihesabiwa peke yao, na daftari la matukio, pamoja na ya kuponea chupuchupu, kila moja na siku, saa na mahali. Taja pia kwamba Nairobi ina sera ya 2015 ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa waendao kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Peleka nakala mbili, na uondoke na moja yenye muhuri wa kupokelewa.

21. Ni wakati gani wa mwaka wa kupeleka?

Mapema kuliko unavyodhani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa kaunti huwasilishwa kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukifika Juni na ombi jipya, fedha zimeshagawanywa. Ombi likiwa kwenye mpango wa Septemba, kwenye vikao vya umma vya bajeti utakuwa unakumbusha tu.

22. Wasipojibu?

Tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Uliza kwa maandishi: je, barabara hii ilifanyiwa ukaguzi wa usalama, na michoro yake iko wapi? Ofisi ina siku 21 kujibu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakikataa, una siku 30 za kupeleka rufaa kwa Tume ya Haki za Utawala, inayofahamika zaidi kama Ombudsman. Pia mna haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti.

## Hali zisizo za kawaida

23. Barabara iko kwenye ujenzi na watu wanapita katikati ya matingatinga.

Mkandarasi anawajibika kuacha njia ya miguu ya muda wakati wote wa kazi: angalau mita 1.2, imetenganishwa na magari kwa kizuizi imara, haina lundo la mchanga, ina taa usiku. Utepe wa plastiki si kizuizi. Mfereji uliochimbwa ufunikwe au uzungushiwe uzio siku hiyohiyo, na daraja la mbao juu yake liwe na mikono pande zote mbili. Mlalamikie mhandisi mkazi wa mradi kwanza. Yeye ndiye anayeweza kusimamisha kazi.

24. Mvua ikinyesha njia ya miguu huwa mto, watu wanahamia lami.

Piga picha wakati wa mvua, maana kiangazi hakuna atakayeamini. Mara nyingi sababu ni kalvati moja iliyoziba au lango la ploti lililojengwa juu ya mtaro bila bomba. Fuata maji hadi yanapokwama kabla ya kuomba mtaro mpya.

25. Wazazi wanaweza kuwavusha watoto wenyewe?

Wanaweza kusaidia, wakiwa wamefunzwa, wamevaa makoti yanayoakisi mwanga na wamekubaliana na shule na polisi wa trafiki wa eneo. Wawe wawili, mmoja kila upande, na watoto wavuke kwa kundi. Wasiingie barabarani kabla gari la karibu halijasimama kabisa. Hii ni hatua ya kusubiri kivuko cha swali la 13, isitumiwe kama kisingizio cha kutokijenga.

26. Mtu amegongwa. Tufanye nini, na haki zake ni zipi?

Piga 999 au 112. Usimvute majeruhi kama hakuna hatari ya kugongwa tena. Andika nambari ya gari, piga picha za mahali, alama za breki na taa. Ripoti kituo cha polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha ripoti cha kituo, kisha fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari na uchukue hati ya polisi kuhusu ajali.

Bima ya lazima ya gari humlinda mtu wa tatu, na anayetembea kwa miguu ni mtu wa tatu. Kesi ya uzembe dhidi ya dereva hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ikiwa chanzo ni barabara yenyewe, kama mtaro wazi au shimo, na mlalamikiwa ni serikali au mamlaka ya barabara, muda ni miezi 12 tu, na huenda notisi ikahitajika kabla ya kesi. Familia nyingi hupoteza haki hiyo zikiwa bado hospitalini, kwa hiyo wakili aonwe ndani ya wiki za kwanza. Ajali hiyo pia iingie kwenye daftari la swali la 20, siku hiyohiyo.